Kuwatetea nyuki dhidi ya dawa za shamba: uanzie mtaani, ofisini, redioni au mahakamani?

Asubuhi moja nilikwenda kuangalia mizinga yangu minne kule Kigamboni, nikakuta ardhi chini ya mzinga wa pili imekuwa nyeusi. Nyuki walikuwa wamelala chali, wengine bado wanatetemeka, ulimi umetoka nje kama uzi. Wachache walikuwa wakizunguka palepale kama walevi. Jirani alikuwa amepiga dawa kwenye matikiti yake jana yake saa tatu asubuhi, maua yakiwa wazi. Wala hakuwa na ubaya nami. Mwezi mmoja kabla nilimpelekea chupa ya asali.

Kikundi chetu kilipokutana jioni ile, kila mtu alikuwa na dawa yake ya tatizo. Mmoja alitaka tuandike barua serikalini. Mwingine, mwenye simu yenye wafuasi wengi, alitaka picha za nyuki waliokufa zirushwe usiku uleule. Wa tatu, aliyesoma sheria kidogo, alitaja mahakama. Mimi nilitaka tu kwenda kwa jirani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Huu ulinganisho umetokana na ubishi ule, na ni kwa yeyote aliyekwama palepale tulipokwama sisi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

Nimeipima kila njia kwa maswali yaleyale. Nani hasa ana uamuzi? Itachukua muda gani na itakula kiasi gani mfukoni? Inadai ushahidi wa namna gani? Itaufanya nini ujirani, maana kesho mtaonana kisimani na msikitini? Na kitakachobaki mkishachoka ni nini?

Kabla ya hapo, mambo mawili yatakayokusaidia njia yoyote utakayoshika.

La kwanza ni ile kanda ya rangi chini ya lebo ya dawa. Watu wengi huamini kwamba nyekundu ni sumu kali, njano ni ya wastani, bluu na kijani hazina neno. Rangi hizo zinaeleza hatari kwa binadamu. Hazisemi lolote kuhusu nyuki. Spinosad, kwa mfano, hutokana na bakteria wa udongoni na imo katika kundi la hatari ndogo kwa watu, lakini ikimkuta nyuki ingali mbichi kwenye ua inamwua. Halafu zipo zile zinazoingia ndani ya mmea wenyewe, kama imidacloprid na thiamethoxam, ambazo hufika mpaka kwenye chavua na nekta. Hizo, hata jani likishakauka, ua bado linabeba sumu.

La pili ni kuhusu kutia chumvi. Ripoti ya kimataifa ya wanasayansi ya mwaka 2016 kuhusu wachavushaji ilieleza kwamba karibu asilimia 75 ya aina za mazao muhimu ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji, angalau kwa kiasi fulani. Ni kiasi fulani, si yote. Mahindi huchavushwa na upepo, mpunga hujichavusha wenyewe. Ukisimama mbele ya bwana shamba ukasema "bila nyuki hakuna ugali", amekushinda kabla hujamaliza salamu. Sema matikiti, matango, maboga, korosho, pasheni. Hapo hana la kukujibu.

Njia ya kwanza: kwa anayeshika bomba la dawa

*Nani anaamua.* Unadhani ni mkulima. Nenda ukasimame dukani kwa muuza pembejeo nusu saa, utaona. Mteja anaingia: "Nipe dawa ya matikiti." "Ya wadudu gani?" "Wadudu tu." Muuzaji anageuka, anachukua kopo lililo karibu, anapima kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, anafunga kizibo. Uamuzi umeshafanyika, na lebo imebaki dukani.

Nilipokwenda kwa jirani nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya wale nyuki wako." Alikuwa ameshasikia. "Mimi na nyuki hatuna kesi. Kesi yangu ni na vidukari."

Nikamwomba anionyeshe dawa. Akaleta chupa ya maji yenye kitu cheupe kama maziwa, haina jina, haina kipimo, haina onyo. Hata angetaka kusoma asingekuwa na cha kusoma. Tukazunguka shambani. Nikamwonyesha tikiti lililonyongeka upande mmoja, lenye shingo nyembamba kama kibuyu, nikamwuliza anadhani limepatwa na nini. "Mbolea haijatosha," akasema. Nikamweleza kwamba ua jike la tikiti hufunguka asubuhi ya siku moja tu, na lisipotembelewa na nyuki mara nyingi chavua haienei, tunda linajaa upande mmoja. Akanyamaza. Akaanza kuhesabu matikiti ya namna ile kwa kidole. Hotuba yangu ya mazingira niliyokuwa nimeiandaa njiani sikuitumia hata sentensi moja.

*Muda na gharama.* Siku chache, nauli na uvumilivu. Tulikubaliana apige dawa jioni, nyuki wakisharudi na maua yamefunga, na anitumie ujumbe kabla.

*Ushahidi.* Kidogo. Tunda lililopinda linatosha kuanzisha mazungumzo.

*Ujirani.* Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine zote, ukienda kwa adabu. Ukienda na mwenyekiti wa mtaa siku ya kwanza, umeshamshitaki mtu.

*Kinachobaki.* Kidogo kuliko ulivyotarajia. Mashamba mengi ya mboga Dar, kuanzia Bonde la Msimbazi mpaka mabonde ya Mbezi na viwanja visivyojengwa vya Kigamboni, hulimwa na watu waliokodi au waliopewa kwa muda. Jirani yangu akihama, makubaliano yanahama naye. Ndiyo maana sasa nashauri kumfuata pia muuza pembejeo. Mmoja akibadilika, amebadilisha wateja wake wote bila wewe kwenda shamba kwa shamba.

*Inamfaa nani.* Mfuga nyuki mwenye mizinga michache, mwenye bustani ya nyumbani, kikundi cha akina mama wanaolima, mwalimu mwenye klabu ya mazingira. Haimfai anayepambana na shamba kubwa ambalo mwenyewe hakai Dar na msimamizi anasema "mimi natumwa tu".

Njia ya pili: barua na milango ya ofisi

*Nani anaamua.* Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Makao yake makuu yako Arusha, na ndani yake imo iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, ile wazee wa kilimo bado wanaiita TPRI. Dawa ya mimea haiuzwi kihalali nchini bila kusajiliwa nao. Kwa hiyo kalamu yao inafika mahali ambapo miguu yako haifiki, kuanzia bandarini mpaka kwenye lebo.

Nakala ya barua ipeleke kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa kuwa mambo ya ufugaji nyuki yako huko, na nyingine kwa halmashauri yako. Ukiwa Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni unamwandikia Mkurugenzi wa Manispaa. Ukiwa Ilala ni Mkurugenzi wa Jiji, maana tangu 2021 Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Inaonekana jambo dogo, lakini barua iliyokosea cheo huzunguka wiki nzima.

*Muda na gharama.* Pesa kidogo, muda mwingi. Barua yetu ya kwanza ilikaa kwenye ofisi moja mpaka tukaambiwa haijawahi kufika. Tulikuwa tumeikabidhi mapokezi tukaondoka. Siku hizi naenda na nakala yangu, inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, naipiga picha palepale. Ukirudi na muhuri unazungumza na ofisa mwingine kabisa, hata kama ni yuleyule.

*Ushahidi.* Hapa ndipo wengi tunaangukia pua. "Nyuki wetu wanakufa" ni malalamiko tu. Ushahidi ni nyuki wabichi wa kujaa kikombe, waliokusanywa siku hiyohiyo kwenye bahasha ya karatasi na kuwekwa kwenye friza, maana jua na joto huiharibu sumu kabla mtaalamu hajaiona. Ni picha zenye tarehe, saa dawa ilipopigwa, upepo ulikuwa unatoka wapi, na jina la dawa kama ulilipata. Ulizia gharama za kipimo mapema, usije ukashtukia.

Na uombe kitu kinachotekelezeka. "Pigeni marufuku sumu zote" itakwenda kapuni. Afadhali uombe onyo kuhusu nyuki liandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka kwenye lebo, dawa fulani iwekewe sharti la kutopigwa wakati wa maua, na maduka yanayopima dawa kwenye chupa za maji yakaguliwe.

*Ujirani.* Hauguswi sana kama barua inazungumzia dawa na haimtaji mtu. Ikimtaja jirani kwa jina, jiandae.

*Kinachobaki.* Kikipatikana, kinadumu, lakini usitegemee haraka. Umoja wa Ulaya, pamoja na maabara zake zote, ulizibana imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam kwa sehemu mwaka 2013, na ilipofika 2018 ndipo ukazizuia kwenye mashamba ya wazi. Miaka mitano katikati. Hata hivyo, kuzuiwa huko hakumaanishi kutotengenezwa. Dawa iliyokatazwa kupigwa kule bado inaweza kutengenezwa kulekule na kuuzwa nje, nasi ndio nje yenyewe.

*Inamfaa nani.* Chama cha wafugaji, watafiti, wanafunzi wa vyuo kama SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walio na uzoefu wa kukusanya takwimu, na mtu yeyote mwenye faili nadhifu na moyo wa kurudi ofisini mara ya tano huku akitabasamu.

Njia ya tatu: redio na mitandao

*Nani anaamua.* Mnunuzi wa mboga, mpiga kura, na mwanasiasa anayewasikiliza hao wawili.

*Muda na gharama.* Hakuna njia ya haraka kama hii. Kipindi kimoja cha asubuhi watu wakiwa wamekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela kinafikia masikio ambayo barua yako haitayafikia kwa miaka kumi. Ukichagua siku vizuri, wahariri wenyewe watakutafuta: Mei 20, Siku ya Nyuki Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga na kuadhimishwa mara ya kwanza 2018, au wiki ya Nane Nane ambapo kila mtu anazungumza kilimo.

*Ushahidi.* Unaweza kuanza bila maabara, na huo ndio mtego. Picha ya nyuki waliokufa inasambaa, mtu anaandika chini yake "ni dawa ya kampuni fulani", na kabla ya magharibi mmeshakuwa na kesi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo, na kampuni zina mawakili. Zungumzieni tabia, yaani dawa asubuhi, chupa zisizo na lebo, kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja. Jina la kampuni liacheni mpaka mpate majibu ya kipimo yenye muhuri.

*Ujirani.* Niliuona upande huu kwa macho yangu. Baada ya ujumbe mmoja wa sauti kuzunguka kwenye makundi ya simu ukisema mboga za bondeni zote ni sumu, mama mmoja anayeuza mchicha karibu na kwetu alirudi na beseni lake limejaa hadi jioni. Mchicha huvunwa ukiwa jani, kabla ya maua, na sidhani kama hata nyuki mmoja alikuwa amekufa kwa ajili yake. Aliyerekodi ule ujumbe alidhani anawatetea nyuki.

*Kinachobaki.* Inategemea kama kelele zimefungwa kwenye ombi maalumu. Ulaya raia zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kuokoa nyuki na wakulima, ukusanyaji ukamalizika 2021. Lakini mpango wa kupunguza matumizi ya viuatilifu kwa nusu ulikataliwa na Bunge la Ulaya Novemba 2023, na mapema 2024, matrekta ya wakulima wenye hasira yakiwa barabarani, ukatangazwa kuondolewa. Sahihi milioni moja hazikutosha pale ambapo wakulima waliona wanafanyiwa uamuzi. Kwa hiyo ukipata dakika 30 za redio, nenda na mkulima. Mwache yeye azungumze dakika 20.

*Inamfaa nani.* Vijana, wanahabari, vikundi vyenye mtu anayejua kuongea bila kupaniki akipigiwa simu ya hasira hewani. Haimfai mwenye ugomvi wa mzinga mmoja na jirani mmoja.

Njia ya nne: mahakama

Nitakuwa mfupi, kwa sababu wengi wanaoitaja hawataifikia.

*Nani anaamua.* Jaji. Na Dar ina historia yake. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo lililowajazia moshi na harufu. Mahakama Kuu ikaamuru lisitishwe, na Jiji liliporudi kuomba muda zaidi Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Leo ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayotamka wazi haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na kumruhusu kwenda mahakamani kuidai.

*Muda na gharama.* Miaka, na wakili. Asipokuwepo anayejitolea, usianze.

*Ushahidi.* Ule wa barua, mara tatu yake, na mtaalamu atakayesimama kizimbani kuutetea.

*Ujirani.* Umekwisha.

*Kinachobaki.* Kikubwa kuliko njia zote, na pia chenye tundu. Baada ya Tabata kushinda, taka zilihamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakalazimika kwenda mahakamani mwaka 1991. Amri inaweza kuliondoa tatizo mbele ya nyumba yako ikaliweka mbele ya nyumba ya mwingine. Dawa ikizuiwa bonde moja, bomba linavuka mto.

*Inamfaa nani.* Kundi kubwa lililopata hasara inayohesabika, likiwa na mdaiwa anayejulikana na nyaraka za kuonyesha kwamba lilibisha hodi kwanza likapuuzwa. Barua zenye muhuri za njia ya pili, kwa maneno mengine.

Sasa wewe, uko wapi?

Kama mizinga yako iko mita 200 kutoka shamba la mtu unayemjua, nenda kwake wiki hii, beba tunda lililopinda au chupa ya asali, na barua iache kwanza.

Kama kila mkulima unayemfuata anakuambia dawa alipewa dukani, acha kuzunguka mashambani. Zungumza na muuzaji, na kama anapima kwenye chupa bila lebo na hataki kuacha, hapo ni pa afisa kilimo wa kata na TPHPA.

Kama nyuki wamekufa mitaa mitatu tofauti ndani ya msimu mmoja, hilo limeshawapita majirani. Friza, tarehe, barua, muhuri. Kama mnataka liulizwe bungeni, mfikieni mbunge kabla ya Aprili, maana kuanzia hapo mpaka Juni Dodoma ni bajeti.

Kama mmeandika mara mbili na mihuri ipo lakini majibu hakuna, redio sasa ina maana, kwa kuwa mtangazaji atauliza "mmefanya nini mpaka sasa?" nanyi mtakuwa na cha kumwonyesha.

Kama huna mzinga wala shamba, unakaa ghorofani Upanga na umeguswa tu na habari hii, una kazi mbili rahisi. Muulize anayekuuzia matikiti yametoka wapi na hupigwa dawa saa ngapi, bila kumgombeza. Na mtaani kwenu wakija kupambana na mbu, pendekeza mazalia yatiwe kiuadudu cha kibaiolojia, kama kile kinachotengenezwa Kibaha, kinachoua viluwiluwi majini na kuwaacha nyuki salama.

Na kama umesoma mpaka hapa kwa sababu jirani amekutumia ujumbe kwamba anapiga dawa kesho alfajiri, barua zote hizo zisubiri. Mpigie umwombe asogeze mpaka jioni. Akikataa, amka kabla jua halijachomoza, lowesha magunia, yafunike mizinga mbele mlangoni, endelea kuyamwagia maji yasikauke, na yaondoe kabla joto la saa nne halijawapika nyuki ndani.